Mlango wa Ghorofa ya Tisa

Jumamosi ya tarehe 25 Machi 1911, jioni, zilibaki dakika chache tu kazi ziishe katika kiwanda cha blauzi cha Triangle, jijini New York. Moto ukaanzia ghorofa ya nane, kwenye vipande vya vitambaa vilivyorundikwa chini ya meza ya kukatia. Ghorofa ya kumi, kwenye ofisi za wakubwa, ilipigiwa simu. Ya tisa haikupigiwa.

Huko wasichana, wengi wao wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitalia, walipenya katikati ya safu za vyerehani hadi mlango wa upande wa mtaa wa Washington Place. Wakaukuta umefungwa kwa ufunguo. Wenye mali walitaka kila mtu atokee upande mmoja apekuliwe mkoba, asije akaondoka na kitambaa. Ngazi ya chuma ya nje iliporomoka na watu wake. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya sita. Walikufa watu 146. Jengo lenyewe halikuanguka. Hadi leo limesimama.

Sisi tunaofundisha usalama kazini huusimulia mkasa huu kana kwamba kabla yake hakuna aliyesema kitu. Walisema! Mwishoni mwa 1909 washonaji wa jiji hilo waligoma kwa maelfu, baada ya binti mhamiaji, Clara Lemlich, kusimama mkutanoni na kudai mgomo uanze. Triangle ilikataa katakata kukitambua chama chao.

Frances Perkins, mtetezi wa haki za wafanyakazi, alikuwa karibu na hapo siku ya moto, akaona watu wakiruka madirishani. Tume ya uchunguzi ilipoundwa chini ya Robert Wagner na Al Smith, aliwazungusha wanasiasa hao viwandani. Sehemu moja alihakikisha Wagner mwenyewe anatambaa kupita kwenye kitundu cha ukutani kilichoitwa njia ya kutokea wakati wa moto, na nje yake kuna ngazi iliyoganda barafu. Ripoti gani ingemfunza hayo? Zilipitishwa sheria zaidi ya 30, na mwaka 1933 Perkins akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza katika baraza la mawaziri la Marekani.

Wenye kiwanda, Max Blanck na Isaac Harris, waliachiwa huru na mahakama Desemba 1911, kwani ilibidi ithibitishwe kwamba walijua mlango umefungwa, na hilo halikuthibitishwa. Mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena kwa kufunga mlango wa kiwanda wafanyakazi wakiwa ndani. Faini yake ilikuwa dola 20.