Kioo cha boti si mwangalizi

"Mwangalizi ninaye, nimefunga kioo cha kutazamia nyuma." Kauli hii waendesha boti wanaovuta watelezaji juu ya maji wameizoea mno. Wengine humwita mwangalizi mtu yeyote aliyepanda botini, hata kama ameupa mgongo mchezo wenyewe. Yote mawili si sawa, na kosa hili si dogo pale rafadha, yaani pangaboi la boti, inapozunguka karibu na miguu ya watu.

Maana yenyewe ni fupi. Mwangalizi ni mtu wa pili ndani ya boti, asiyeendesha, anayemtazama mtelezaji tangu kamba inapokaza hadi anapotoka majini. Akiona jambo humwambia nahodha, na pale sheria inapodai, huinua bendera mtu anapoanguka.

Sasa kioo. Watu hudhani mwangalizi yupo ili nyuma kuonekane tu. La, yupo pia ili nahodha abaki na mbele. Boti ya kilomita 40 kwa saa hukata mita 11 kila sekunde, na kamba ya kawaida ya mchezo huu ina urefu wa mita 23 hivi. Nahodha akitazama nyuma kwa sekunde mbili, ameshakwenda karibu kamba nzima bila kuona aendako. Huko aendako kunaweza kuwa na gogo, muogeleaji, au mtelezaji wa boti nyingine aliyeanguka, kichwa tu kikionekana juu ya maji. Kioo humpunguzia kugeuza shingo, basi. Jicho ni lile lile. Mwangalizi humwondolea nahodha kazi moja, ilhali kioo humwachia zote mbili.

Halafu kuna ishara. Kwa kelele za injini mtelezaji hasikiki, kwa hiyo husema kwa mikono: dole gumba juu ni ongeza mwendo, dole gumba chini ni punguza, kujigusa kichwani ni nirudisheni, mkono kupita shingoni ni simamisha. Ndani ya kioo kinachotikiswa na mawimbi, dole gumba la mtu aliye mita 20 nyuma ni vigumu kulisoma.

Ishara nzito kuliko zote ni ile ya baada ya kuanguka. Aliye salama huinua mikono na kuishikanisha juu ya kichwa. Asipofanya hivyo, mchukulie ameumia. Kujua kwamba ishara haikuja kunataka mtu ambaye hakubandua macho hata kidogo, ndiyo maana anayempiga mwenzake video kwa simu simhesabu kuwa mwangalizi. Huyo anahangaika na picha.

Wapo wanaojibu, "Akianguka nitahisi, boti itakuwa nyepesi." Ni kweli, kamba ikiachiwa mlio wa injini hubadilika. Lakini mlio hausemi kama mtu amejigonga kichwa au jaketi okozi limemvuka. Na aliyezongwa na kamba mkononi haipunguzii boti uzito: bado anavutwa, tena akiwa amelala majini. Hapo nahodha hahisi kitu, na kila sekunde ina maana.

Hata wakati wa kumchukua, kazi ya mwangalizi haijaisha. Boti irudi polepole, mtelezaji awe upande ambao nahodha anamwona, na injini izimwe kabisa kabla mtelezaji hajaikaribia tezi, yaani sehemu ya nyuma ya boti. Kuiacha kwenye gia huru hakutoshi, kwani mkono wa gia unaweza kusukumwa kwa goti bila kukusudia.

Sheria hutofautiana, na nadhani mkanganyiko umeanzia hapo. Nchini Marekani, jimbo la California linataka mtu, mwenye umri usiopungua miaka 12. Majimbo mengine hukubali mwangalizi au kioo kipana cha kutazamia nyuma. Watu wakasoma hilo "au" wakadhani vitu hivyo viwili ni kimoja, wakati sheria yenyewe imevitaja mbalimbali: kioo kinaruhusiwa pale mwangalizi anapokosekana.

Kwa hiyo mwenye kioo huenda hajavunja sheria ya mahali alipo, na hakuna haja ya kumgombeza. Aseme tu ilivyo, ili anayeingia majini ajue kabla ya kushika kamba: nina kioo, mwangalizi sina.