Je, Aliyebatizwa au Kusilimu Hubaki Myahudi? Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kwa sisi tuliolelewa kati ya misikiti na makanisa, dini huhesabiwa kwa ungamo: anayetamka shahada huwa Mwislamu, anayebatizwa huwa Mkristo, na anayeikana imani yake huhesabiwa kuwa ametoka. Tukiupima Uyahudi kwa kipimo hicho tunakosea karibu kila hatua, na makosa hayo huenezwa katika mahubiri na mijadala kana kwamba ni mambo yaliyokwisha kuthibitishwa. Ninayaandika haya kwa sababu swali la nani ni Myahudi si la wanazuoni peke yao. Limeamua ndoa za watu, uraia wao, mahali pa kuzikwa kwao, na kuna wakati liliamua nani auawe.

Dhana: Myahudi akihamia dini nyingine, Uyahudi wake umekwisha.

Kwa sheria ya dini ya Kiyahudi, iitwayo halakha, Myahudi ni mtu aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia Uyahudi kwa utaratibu unaokubalika mbele ya baraza la marabi. Hali hiyo ikishathibitika haifutiki. Talmudi, yaani mkusanyo wa mafundisho na mijadala ya marabi wa kale, katika kitabu cha Sanhedrini, inakirejea kisa cha Akani, aliyeiba vitu vilivyokatazwa wakati Yeriko ilipotekwa. Mungu alimwambia Yoshua kwamba Israeli ametenda dhambi, na marabi wakazingatia kwamba jina la Israeli halikuondolewa hata baada ya kosa lile: "Ingawa ametenda dhambi, yeye ni Israeli." Hapo hapo wakaongeza msemo wa watu wa zama zao, kwamba mhadasi ukisimama katikati ya miiba hubaki mhadasi na huitwa mhadasi.

Aliyeyageuza maneno hayo kuwa hoja ya kisheria ni Rashi, rabi na mfafanuzi wa Talmudi wa Troyes, Ufaransa, aliyeishi kati ya mwaka 1040 na 1105. Katika siku zake, mwaka 1096, wapiganaji wa Vita vya Msalaba waliwashambulia Wayahudi wa bonde la mto Rhine, wakawaua wengi na kuwabatiza wengine kwa nguvu. Maswali yaliyowafikia marabi wa wakati huo yalikuwa ya nyumbani kabisa. Mwanamke amefiwa na mume kabla ya kupata mtoto. Kwa mujibu wa Torati, shemeji yake ama amrithi, ama amfungue kwa ibada ya kuvuliwa kiatu, ndipo aweze kuolewa kwingine. Je, ikiwa shemeji huyo amebatizwa, mjane yuko huru? Baadhi ya wakuu wa vyuo vya Babeli walikuwa wamemwachia huru katika mazingira fulani. Rashi alikataa, akasema kwamba shemeji huyo bado ni Myahudi na kifungo bado kipo. Kwa hoja hiyo hiyo, mume aliyeingia Ukristo au Uislamu hawezi kuachana na mkewe Myahudi kwa kuondoka tu; lazima atoe hati ya talaka, na asipoitoa, mke hana ruhusa ya kuolewa tena. Wanaoisifu kanuni hii kwamba ni ya upole kwa aliyeondoka wangefaa kuukumbuka upande huu, kwa maana mara nyingi mzigo wake humwangukia mwanamke aliyebaki.

Dhana: Kama bado ni Myahudi, basi hakuna anachopoteza.

Wajibu wake unabaki, lakini hadhi yake inashuka. Ushahidi wake haukubaliwi katika mahakama ya marabi, nyama aliyoichinja hailiwi, na marabi wengi hawamhesabu miongoni mwa watu 10 wanaohitajika ili sala ya jumuiya isimame. Katika mirathi, Talmudi inakubali kwamba kwa asili ya sheria anamrithi baba yake, ila mahakama inaweza kumnyima kama adhabu.

Ziko familia ambazo humkalia matanga ya siku 7 mtoto aliyebatizwa, kana kwamba amekufa. Wengi wa nje huichukua desturi hiyo kuwa ndiyo sheria yenyewe, nayo sivyo. Huhusishwa na Rabenu Gershom, rabi mashuhuri wa Mainz, Ujerumani, aliyefariki karibu mwaka 1040, ambaye mwanawe anasemekana kuingia Ukristo. Lakini wapo wanaoisoma habari hiyo kwa namna nyingine, kwamba baba alimlilia mwanawe alipokufa kweli. Gershom huyo huyo ndiye pia anayetajwa kuwa alipiga marufuku kumkumbusha mtu aliyerudi aibu ya siku zake za nje. Mtu haulindi mlango wa kurudi kwa namna hiyo ikiwa anaamini kwamba aliyetoka amekufa.

Dhana: Aliyelazimishwa kusilimu au kubatizwa ni sawa na aliyeondoka kwa hiari.

Katika karne ya 12, utawala wa Kiislamu wa Almohadi katika Moroko na Hispania uliwashurutisha Wayahudi kutamka shahada. Mwanazuoni mmoja aliandika kwamba anayeitamka, hata kwa shinikizo, ameshatoka, na sala anazosali kwa siri hazina thamani. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyezaliwa Córdoba, Hispania, mwaka 1138 na ambaye familia yake ililazimika kuhama kwa sababu ya utawala huo huo, alimjibu kwa waraka mkali. Alisema kwamba aliyetamka kwa kuogopa kuuawa hakuiacha dini yake, na kila amri anayoishika kwa siri ina ujira. Hata hivyo hakuwaambia wabaki walivyo, bali aliwataka wahame waende mahali wanapoweza kuishika Torati hadharani.

Historia iliirudia hali hiyo mara nyingi. Baada ya mauaji ya mwaka 1391 huko Hispania, kufukuzwa kwa mwaka 1492, na ubatizo wa lazima nchini Ureno mwaka 1497, maelfu waliishi kama Wakatoliki kwa nje. Katika mji mdogo wa Belmonte, Ureno, zipo familia zilizotunza ibada zao kwa siri hadi karne ya 20. Huko Mashhad, Uajemi, mwaka 1839, jumuiya nzima ilisilimishwa baada ya ghasia za umwagaji damu. Walikwenda msikitini, wakawaoza watoto wao wao kwa wao, na Sabato wakaishika nyuma ya milango iliyofungwa.

Dhana: Taifa la Israeli linatumia sheria ya dini kuamua nani ni Myahudi.

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo, na kesi moja inaufafanua kuliko maelezo mengi. Oswald Rufeisen alizaliwa mwaka 1922 katika familia ya Kiyahudi nchini Poland. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alijificha kwa utambulisho wa uongo na kufanya kazi ya ukalimani katika kituo cha polisi wa Kijerumani mjini Mir. Mwaka 1942 alipojua kwamba Wayahudi waliozuiliwa mjini humo wangeuawa, aliwapenyezea habari na silaha, na mamia wakatoroka kuingia msituni. Yeye mwenyewe alikimbilia kwa masista wa Kikatoliki, na humo mafichoni akabatizwa kwa hiari yake. Baadaye akawa mtawa wa shirika la Wakarmeli, akaitwa Ndugu Daniel, na mwaka 1959 akahamia Haifa.

Aliomba uraia kwa Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, inayompa kila Myahudi haki ya kuhamia Israeli. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: dini yangu ni ya Kikatoliki, kabila langu ni la Kiyahudi, na hata halakha inanitambua. Mahakama ya Juu ilimkatalia mwaka 1962, majaji 4 dhidi ya 1. Jaji Moshe Silberg alikubali kwamba kwa sheria ya dini mtu huyu huenda bado ni Myahudi. Lakini Sheria ya Kurejea, alisema, ni sheria ya dola, na maneno yake hufasiriwa kama Wayahudi wa kawaida wanavyoyaelewa, nao hawamwiti mtawa wa Kikristo Myahudi. Jaji Haim Cohn peke yake alitaka apokewe. Kwa hiyo sheria ya kidunia ilimfungia mlango mtu ambaye sheria ya marabi ingemhesabu. Ndugu Daniel alipata uraia kwa njia ya kawaida ya wageni, akaishi Haifa hadi alipofariki mwaka 1998.

Mwaka 1970, baada ya kesi nyingine kuhusu watoto wa afisa wa jeshi la majini, Bunge liliandika tafsiri ndani ya sheria yenyewe: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia Uyahudi, naye si mfuasi wa dini nyingine. Marekebisho hayo hayo yalitoa haki ya kuhamia kwa watoto, wajukuu na wenzi wa ndoa wa Wayahudi, hata kama wenyewe si Wayahudi, isipokuwa aliyekuwa Myahudi akabadili dini kwa hiari. Matokeo yake ni kwamba mjukuu Mkristo wa Myahudi anaweza kupokelewa, huku Myahudi wa kuzaliwa aliyebatizwa akakataliwa.

Dhana: Anayemwamini Yesu na kushika Sabato ni Myahudi wa dhehebu jingine tu.

Dhana hii ina nguvu Afrika Mashariki, ambako baadhi ya makanisa hupiga baragumu la pembe na kuvaa shali za sala za Kiyahudi. Ni kweli kwamba wafuasi wa kwanza wa Yesu walikuwa Wayahudi, na Paulo katika Waraka kwa Warumi anajitambulisha kuwa Mwisraeli wa kabila la Benyamini. Lakini madhehebu makuu ya Kiyahudi leo, yanayopingana katika mambo mengi, yanakubaliana kwamba kumwabudu Yesu ni kuingia dini nyingine. Mahakama ya Juu ya Israeli iliamua hivyo mwaka 1989 katika kesi ya Beresford, wanandoa Wayahudi wa Kimasihi, yaani wanaomwamini Yesu, waliosisitiza kwamba hawakuuacha Uyahudi. Na Mkristo asiye na asili ya Kiyahudi hawi Myahudi kwa kuvaa shali, hata awapende Wayahudi kiasi gani.

Dhana: Asiyemwamini Mungu yuko nje sawa na aliyebatizwa.

La. Wengi wa waasisi wa Israeli, akiwamo David Ben-Gurion, hawakuwa washika dini, na hakuna aliyeuhoji Uyahudi wao. Mwanafalsafa Spinoza alitengwa na jumuiya ya Amsterdam mwaka 1656 kwa mawazo yake, naye hakuingia dini nyingine. Kutengwa kulimkatia ushirika na watu wake, hakukumbadilisha asili. Kinachowagusa Wayahudi wengi kwa uchungu zaidi ni kujiunga na dini nyingine, kwa sababu kwa karne nyingi kubatizwa kulimaanisha kuhamia upande wa waliokuwa wakiwatesa ndugu zako.

Dhana: Kwa kuwa Uyahudi haufutiki, basi ni suala la damu.

Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. Mwaka 1449 mji wa Toledo uliweka kanuni ya usafi wa damu, iliyowazuia Wakristo wenye asili ya Kiyahudi kushika nyadhifa. Sheria za Nuremberg za Ujerumani ya Wanazi, za mwaka 1935, zilimhesabu kuwa Myahudi mtu mwenye mababu na mabibi watatu au wanne wa Kiyahudi, hata kama yeye alibatizwa utotoni. Edith Stein, mwanafalsafa aliyezaliwa Breslau mwaka 1891, alibatizwa mwaka 1922, akawa mtawa, na baadaye akahamia Uholanzi. Maaskofu wa Uholanzi walipokemea kuhamishwa kwa Wayahudi, Wajerumani walilipiza kwa kuwakamata Wakatoliki wenye asili hiyo, naye akauawa katika kambi ya Auschwitz Agosti 1942.

Halakha haijui kipimo cha damu. Mtu wa taifa lolote anaweza kuingia Uyahudi, na akishaingia, watoto wa mama huyo ni Wayahudi kamili. Talmudi, katika kitabu cha Yevamoti, inaongeza kwamba hata aliyeingia kisha akarudia ya zamani huhesabiwa kama Myahudi aliyeasi, na ndoa aliyoifunga inasimama. Waabayudaya wa Mbale, Uganda, ambao Uyahudi wao ulianza na Semei Kakungulu mwaka 1919, wako katika mlango huo. Wengi wao waliongolewa rasmi mwaka 2002 mbele ya marabi wa Kikonservativu, dhehebu la Kiyahudi la msimamo wa kati, ingawa marabi wa Kiorthodoksi, walio wakali zaidi katika kuishika halakha, hawaukubali uongofu wa aina hiyo.

Dhana: Anayerudi huanza upya kama mgeni.

Kwa asili ya sheria, Myahudi aliyeondoka haongolewi tena. Desturi humtaka azame katika maji ya utakaso na kuahidi mbele ya watu 3 kuishika Torati. Ugumu huja pale vizazi vinapopita na ushahidi wa ukoo unapofifia. Ndivyo ilivyo kwa Wafalashamura, watu wa asili ya Kiyahudi wa Ethiopia, ambao wazee wao waliingia Ukristo kuanzia karne ya 19, wengine kwa mahubiri ya wamisionari, wengine kwa ufukara na kunyimwa ardhi. Mwaka 1973 Rabi Ovadia Yosef aliwatambua Wayahudi wa Ethiopia kwa jumla, na Mei 1991 zaidi ya watu 14,000 walisafirishwa kwa ndege kutoka Addis Ababa kwa muda wa siku mbili hivi. Wafalashamura waliachwa. Waliopokewa baadaye wameingia kwa maamuzi maalumu ya serikali, nje ya Sheria ya Kurejea, na wakifika hupitia mafunzo na taratibu za kurudi katika Uyahudi kabla ya kutambuliwa, huku wengine wakiwa wamewaacha wazazi na ndugu zao Gondar na Addis Ababa wakisubiri zamu.