Rangi ya ndani haizuii maji ya mlimani

Mwanza, nyumba nyingi za mlimani zina ukuta wa nyuma uliofukiwa udongoni. Plasta ikianza kubanduka, utaambiwa: paka rangi ya kuzuia maji kwa ndani, yamekwisha. Hayajaisha. Maji yanasukuma kutoka nje, kwa hiyo rangi hiyo huvimba malengelenge na chumvi nyeupe huchomoza chini yake.

Ukuta huzibwa upande unaogusana na udongo. Chimba nyuma, ila usipite chini ya msingi. Piga plasta yenye dawa ya kuzuia maji, paka lami, kisha laza bomba lenye matundu na ujaze kokoto. Fanya Juni hadi Agosti, mvua zikiwa haba, na kipande kwa kipande, ukuta usije ukaanguka. Lakini kagua gata kwanza. Huenda ndiyo inayomwaga maji hapo.