Tiba ya unyumba na "mwenza wa tiba": ufafanuzi kwa wakazi wa Mombasa

Maswali kuhusu "mwenza wa tiba", yaani mtu aliyefunzwa anayefanya mazoezi ya mguso na mteja asiye na mwenza, yamezidi, na malalamiko nayo yamezidi: watu wanapokea ujumbe wa simu unaowaahidi mtaalamu wa kike au wa kiume atakayewatibu chumbani, mradi pesa itangulie kwa M-Pesa. Tiba yenye jina hilo ipo kweli katika nchi chache. Hiyo inayouzwa kwa ujumbe wa simu ni biashara ya ngono iliyovikwa koti jeupe, na tunaomba wakazi wasichanganye mambo haya mawili.

Mwaka 1970 William Masters na Virginia Johnson, waliokuwa na kliniki mjini St. Louis, Marekani, walichapisha matokeo ya matibabu yao ya wiki 2 kwa wanandoa wenye matatizo ya unyumba. Mwanamume asiye na mwenza walimpangia mwanamke aliyefunzwa, afanye naye mazoezi yale yale ya wanandoa. Kazi hiyo ina watu watatu: mteja, mtaalamu wa saikolojia na mwenza wa tiba. Mteja huanza kwa mazungumzo na mtaalamu. Kila akitoka kwenye kikao na mwenza hurudi kueleza kilichotokea, na mwenza naye hutoa taarifa yake kwa mtaalamu. Vikao vya mwanzo ni kupumua pamoja, kutazamana, kushikana mikono, kupapasa uso na mgongo. Tendo lenyewe huenda lisifikiwe kabisa. Vipimo vya magonjwa ya zinaa na kinga ya mimba hutangulia, na kuagana hupangwa mapema ili mteja asije akamganda mwenza. Kliniki ya Dkt. Ronit Aloni mjini Tel Aviv imewatibu hivi askari waliojeruhiwa, kwa gharama ya Wizara ya Ulinzi ya Israeli.

Wanaonufaika ni wale wasio na mtu wa kufanya naye mazoezi: mwenye ulemavu ambaye hajawahi kuguswa kwa upole, aliyedhulumiwa utotoni, mwanamume ambaye hofu humkata nguvu kila anapokaribia mwanamke. Hata hivyo, utafiti juu ya tiba hii ni mchache, na hata inakofanywa ina ubishi mwingi wa maadili.

Tumeulizwa kama mwenza wa tiba ni somo (kungwi) kwa jina jipya. Hapana. Somo humfunza bi harusi, na anachokitibu ni kutojua. Mtu anaweza kuyajua yote aliyofunzwa na somo, na mwili wake bado ukajifunga kwa hofu. Mwili huo unahitaji kujifunza upya, pole pole, kwamba mguso hauna hatari. Kinachotibu ni hizo hatua ndogo zisizo na haraka. Mwenye mke au mume anaweza kuzifanya nyumbani kwake, kwa halali, bila kumwingiza mtu wa tatu kitandani.

Kuhusu sheria tuwe wazi. Kenya haina bodi inayotoa leseni ya mwenza wa tiba, kwa hiyo anayekuonyesha leseni hiyo anakudanganya. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka mshauri awe amesajiliwa. Kifungu cha 24 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinamgusa mfanyakazi wa hospitali anayetumia nafasi yake kumshawishi mgonjwa wafanye ngono: kifungo kisichopungua miaka 10. Zingatia neno kushawishi. Si lazima nguvu itumike. Mshauri akisema sehemu ya tiba ni wewe kulala naye, ondoka hapo hapo.

Kabla ya zoezi lolote, mwili upimwe. Mwanamume apimwe presha (140/90 na zaidi inahitaji kufuatiliwa) na sukari kabla ya kula (milimoli 7.0 kwa lita na zaidi, ikithibitishwa, ni kisukari), na homoni ya testosteroni ichukuliwe asubuhi. Kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na uume huwa miongoni mwa viungo vya kwanza kulalamika. Muguka (majani ya kutafuna, jamii ya miraa) unaonyima usingizi usiku kucha nao utajwe kwa daktari bila kuficha. Mwanamke mwenye maumivu achunguzwe maambukizi, kovu la kujifungua au la ukeketaji, na ukavu wa kunyonyesha au wa kukoma hedhi. Inachosha, tena inasikitisha, kumpokea mama aliyehangaishwa miaka kwa madai ya jini mahaba, au baba aliyeambiwa "amefungwa", na hakuna aliyewahi kumpima. Anayetaka dua asome dua, na vipimo afanye.

Zoezi lenyewe la wanandoa nyumbani huanza kwa marufuku: hakuna kuingiliana kwa wiki kadhaa, hata hamu ikija. Marufuku hii huondoa mtihani, na mtihani ndio unaozaa hofu. Mara 2 au 3 kwa wiki, mmoja humgusa mwenzake kwa dakika 15 hadi 20, kisha hubadilishana. Hatua ya kwanza huacha matiti na sehemu za siri. Anayegusa huzingatia joto, ulaini na mkandamizo kwenye vidole vyake. Mawazo yakitoroka kwenda kwenye kodi ya nyumba au zamu ya bandarini, huyarudisha kwenye ngozi. Anayeguswa hana kazi ila kusema panapomuuma, au kuuweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake na kuuongoza. Hatua ya pili hujumuisha sehemu zote. Kisha hufuata kugusana wote kwa pamoja, kulaliana bila kuingia, kuingia bila kutikisika, na mwendo mwisho kabisa. Hatua haiachwi mpaka wote wawili waifanye mara kadhaa bila wasiwasi.

Kinachoharibu mara nyingi ni furaha: uume unasimama vizuri wiki ya pili, bwana anavunja marufuku, nguvu zinakatika katikati, na hofu inarudi ikiwa kubwa kuliko ya mwanzo. Wengine huligeuza zoezi kuwa masaji ya kumfurahisha mwenzake, au huuliza "unasikiaje?" kila nukta, na mtihani ukawa umerudi kwa mlango wa nyuma. Nyumba zetu nyingi zimejaa watu. Tafuteni saa ambayo watoto wako madrasa, na mlango ufungwe kwa ufunguo.

Mwanamke ambaye misuli ya uke hujikaza bila yeye kutaka (vaginismasi) huanza peke yake: alale chali, magoti juu, atoe pumzi huku akisukuma kidogo kama anayekwenda haja, aingize ncha ya kidole kidogo chenye jeli. Dakika 10 hadi 15 kwa siku. Kikizoeleka siku kadhaa, kidole kikubwa zaidi au kipanuzi (kifaa cha kitabibu cha kuuzoesha uke) cha saizi inayofuata, na baadaye kidole cha mume, mke akishika usukani. Ukiuma, simama. Kumwambia "vumilia" ni kumfunza mwili kwamba hofu yake ilikuwa ya haki, na misuli itakaza zaidi. Kama mnatumia kondomu za mpira, msipake mafuta ya nazi wala vaselini, kwa sababu huzidhoofisha zikapasuka. Tumieni jeli ya maji.

Vidonge vya sildenafili (Viagra) vya kusaidia uume kusimama vina nafasi yake, kwa agizo la daktari: kimoja tu katika saa 24, kisichozidi miligramu 100. Anayetumia dawa za nitreti za maumivu ya kifua asiviguse. Presha huweza kushuka mpaka mtu afe. Uume uliosimama zaidi ya saa 4 ni dharura ya hospitali. Poda ya kukoroga inayotangazwa kwenye nguzo za umeme haina kipimo kinachojulikana, na aliyeichanganya hajui ugonjwa wako.

Anayetaka kulalamika ahifadhi ujumbe wa M-Pesa, picha za mazungumzo kwenye simu, tarehe, na jina la kituo. Daktari hushtakiwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, mshauri kwa Bodi ya Washauri na Wanasaikolojia, na malalamiko ya dawa hupelekwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Aliyesambaziwa siri zake za matibabu aandike kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 faini yaweza kufika shilingi milioni 5. Aliyelazimishwa ngono, hata kama alikwenda mwenyewe na alilipa, asioge, aende hospitali ya umma kabla ya saa 72 kupita ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Matibabu hayasubiri fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari. Polisi waweza kufuata baadaye. Namba 1195, ya msaada kwa waliodhulumiwa kijinsia, hupigwa bure, mchana na usiku.