"Fundi, Nipunguzie Upepo, Kuna Joto"

Kaskazi likishaingia na joto la Mombasa likakaza, wateja huja hapa Changamwe na ombi lile lile: "Fundi, nipunguzie upepo kidogo, naenda Nairobi na jua ni kali. Tairi isije ikapasuka." Wiki iliyopita walinijia watatu siku moja. Mmoja alikuwa na watoto nyuma na mizigo juu ya keria. Nilikataa, akaenda kupunguziwa kwingine. Mpaka leo roho yanisumbua.

Joto linalopasua tairi huzaliwa zaidi ndani ya tairi yenyewe, na huzaliwa kwa sababu upepo ni mdogo. Tairi legevu ikigusa lami ubavu hulala, ikiinuka husimama tena. Gari dogo likienda kilomita 100 kwa saa, tairi huzunguka zaidi ya mara 800 kwa dakika, na kila mzunguko ubavu wakunjwa. Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua haraka haraka, kisha uguse pale palipokunjika: pana moto. Hivyo ndivyo nyuzi za ndani ya tairi zinavyoteswa mpaka mpira unabanduka. Nikiivua tairi ya namna hiyo kwenye rimu, nakuta unga mweusi wa mpira ndani na mstari uliochubuka kuzunguka ubavu. Hiyo haizibwi. Ni ya kutupa.

Ni kweli upepo hupanda tairi ikipata moto, na waliounda gari walilijua hilo. Kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva ni cha tairi baridi: gari limelala, au halijatembea zaidi ya kilomita tatu hivi. Ukijaza PSI 33 (PSI ndicho kipimo cha upepo kwenye geji) alfajiri, na ukifika Voi geji ikasoma 37 au 38, usiguse! Ukiitoa irudi 33 pale pale, ikipoa itabaki na 28 au 29, na hapo ndipo umejitengenezea ile hatari uliyokuwa ukiikimbia. Kwa mzigo mzito, vibandiko vingi hutaka uongeze, hasa nyuma. Anayepunguza upepo ili avuke mchanga wa ufukweni ana sababu yake, lakini ajaze tena kabla ya kushika lami.

Wengine hujaza kwa kufuata namba ya ubavuni mwa tairi. Ile ni kiwango cha juu kabisa ambacho tairi yaweza kubeba. Haikuandikwa kwa ajili ya gari lako.

"Meno bado yako, kwa hiyo tairi nzima." Hili huwaponza sana wanunuzi wa tairi za mitumba. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo. Tafuta tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Wakati mwingine huwa upande wa ndani, basi inama uzitafute. Iliyopita miaka 10 mimi siifungi, hata ing'ae vipi.

Ukinunua tairi mbili mpya, zifungwe nyuma, hata kama gari lavuta kwa mbele. Nyuma ikiteleza kwenye maji, gari hugeuka kabla dereva hajajua kilichotokea.

Na kujaza nitrojeni badala ya upepo? Upepo wa kawaida una asilimia 78 ya nitrojeni tayari. Lipia ukitaka, lakini kupima bado ni lazima.

Na tafadhali acheni kupima tairi kwa teke. Tairi za siku hizi zaweza kupungukiwa na upepo mwingi na bado zikaonekana zimesimama sawa. Nunua geji yako mwenyewe, uiweke ndani ya gari, upime kila mwezi na kabla ya safari, asubuhi. Ukimaliza zile nne, fungua buti upime na tairi ya spea. Ile nyembamba ya muda mara nyingi huhitaji 60, na nyingi ninazozitoa humo hazifiki hata nusu.