Kosa la kutembea

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa pembeni. Mzee aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti kama mtu anayetoa hati ya shamba, akaiweka mezani mbele yangu na wakili. "Mama, unisomee. Watoto wanasema nimeshitakiwa sababu ya kutembea."

Watoto hawakukosea.

Mimi ni mkalimani wa mahakama, Kiswahili na Kiingereza, katika mji mmoja wa majimbo ya katikati ya Marekani. Wateja wangu wengi ni Wakongo na Warundi waliopitia kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Tanzania) na Kakuma (Kenya), na Wakenya na Watanzania wachache. Kesi zao ni zile zile: leseni, bima, mwendo kasi. Ila kila majira ya baridi hukosi mmoja aliyeandikiwa faini kwa sababu ya miguu yake, na kila mara natoka mahakamani nikihisi kuna maneno nimebaki nayo. Leo nayatoa. (Mambo madogo kuhusu mzee nimeyabadilisha asitambulike. Kiapo ni kiapo.)

Shitaka, kwa namna nilivyolifasiri papo hapo, lilisema alitembea ndani ya barabara ya magari mahali palipo na njia ya waenda kwa miguu, na kuzuia mwendo wa magari. Kwa msomaji wa Dar sentensi hiyo haina tatizo. Mzee anatoka Uvira, Kongo, na kwao "njia" ndiyo barabara yenyewe. Nilipomwambia anashitakiwa kwa kutotembea kwenye njia, alinikazia macho: "Lakini nilikuwa mu njia." Nikarudi nyuma, nikasema "trotuari", jina lao la Kifaransa la njia ya miguu. Hapo uso ukafunguka. Walimu wangu wa Kiswahili sanifu wangeguna, lakini mahakamani neno sanifu ni lile ambalo mshitakiwa analielewa.

Likabaki "kuzuia".

"Mama, mimi nazuia motokari namna gani? Ni yenyewe ingenizuia mimi."

Nilimfasiria wakili neno kwa neno, kwa nafsi ya kwanza, maana ndivyo kazi yetu ilivyo: nikisema "mimi", ni yeye anayesema. Wakili alicheka, kisha akaliandika kwenye daftari lake.

Sasa sheria yenyewe. Watu huchanganya makosa matatu. Kuna kukatiza barabara pasipo kivuko au taa ikiwa imekataza, hilo ambalo Wamarekani hulitaja kila siku kwa jina la "jaywalking". Kuna kutembea kwa kuifuata barabara, huna nia ya kuvuka, unakwenda zako tu. Na kuna kuziba barabara: kusimama, kukaa, kujazana, kosa ambalo mara nyingi huwaangukia waandamanaji na wanaoomba pesa kwenye taa. Mzee alishitakiwa kwa lile la pili na kuongezewa kipande cha tatu.

Lile la pili ndilo linalowanasa watu wetu, na herufi zake zina maana. Sheria ya jimbo la Missouri inasema palipo na trotuari ni kosa kwa mwenda kwa miguu kutembea katika barabara iliyo kando yake. Imeishia hapo. Ukivuka mto Mississippi ukaingia Illinois, sentensi ni karibu ile ile, ila wameongeza maneno machache: trotuari iwepo, na kuitumia kuwe kunawezekana. Maneno hayo machache ndiyo yanayobeba kesi nzima ya theluji.

Mgeni hajui theluji inavyofanya kazi. Inaanguka usiku, alfajiri linapita gari lenye bamba kubwa la chuma mbele, linaisukuma kutoka katikati ya barabara. Inasukumwa wapi? Pembeni. Juu ya trotuari. Kufikia saa kumi na mbili asubuhi barabara ya magari ni nyeusi na safi, trotuari ni kilima cha barafu kinachofika magotini. Miji mingi imeweka kanuni kwamba mwenye nyumba asafishe kipande cha mbele ya nyumba yake. Wapo wanaosafisha. Wapo waliohama, waliolala, wanaosubiri jua. Mzee alikuwa anatoka zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, basi lake limeishia mbali, akatembea pale panapopitika. Ungefanyaje?

Jambo jingine, na hili nawaambia wageni hata kabla ya salamu kwisha. Pasipo na trotuari kabisa, sheria nyingi za huku zinataka utembee upande wa kushoto, magari yakikujia usoni. Mtu aliyekulia Bukavu au Bujumbura halimsumbui, kwao magari hupita kulia kama huku. Lakini aliyezaliwa Nyarugusu au Kakuma amezoea magari yanayopita kushoto. Kwake upande wa kuyatazama magari usoni ni kulia, na kabla ya kuvuka shingo inageuka kulia kwanza. Hapa gari la kwanza linatokea kushoto. Mimi mwenyewe miaka yangu miwili ya mwanzo nilivuka nikitazama upande usio na gari, na nikapigiwa honi hadi nikazoea.

Zamani haikuwa hivi. Kabla ya magari kujaa, barabara za miji ya Marekani zilikuwa kama mtaa wowote wa kwetu: mkokoteni, mtoto, mchuuzi, farasi, kila mtu anampisha mwenziwe. "Jay" lilikuwa neno la kejeli la watu wa mjini, maana yake mshamba, yule anayeshuka kwenye treni na kusimama katikati ya watu akishangaa maghorofa. Kwa hiyo "jaywalking", ukiifasiri kwa haki, ni kutembea kishamba. Kwanza ni tusi, sheria ikafuata. Kansas City, mji wa Missouri, ilitunga kanuni yake mwaka 1912, miongoni mwa za kwanza kabisa nchini.

Mwaka 1923 huko Cincinnati raia zaidi ya 42,000 walitia saini wakitaka kila gari lifungwe kifaa cha kulizuia lisipite maili 25 kwa saa, kama kilomita 40. Wenye biashara ya magari walishtuka, wakafanya kampeni kubwa, na pendekezo likaanguka kwenye kura. Tangu hapo nguvu nyingi ziliwekwa kwenye kumrekebisha mwenye miguu. Los Angeles ilipitisha kanuni zake mwaka 1925, miji mingine ikaiga. Kwa maoni yangu hapo ndipo swali la "nani ampishe nani" lilipopata jibu moja la kudumu, na jibu hilo ndilo lililomfikia mzee wa Uvira miaka mia baadaye katika karatasi iliyolowa.

Nikiwafundisha wakalimani wapya somo hili, sianzi na Los Angeles. Naanza na Ferguson.

Ferguson ni mji mdogo karibu na St. Louis; mwaka 2010 ulikuwa na watu kama elfu ishirini na moja. Kanuni yake ilikuwa na jina ambalo bado linanishangaza: kosa la "namna ya kutembea barabarani". Jumamosi tarehe 9 Agosti 2014, saa sita mchana, Michael Brown, kijana wa miaka 18, alikuwa akitembea na rafiki yake katikati ya Canfield Drive. Askari Darren Wilson alisimamisha gari akawaambia wapande trotuari. Dakika chache baadaye Brown, ambaye hakuwa na silaha, alikuwa amelala barabarani, amepigwa risasi na kufa. Askari hakushitakiwa, si na jimbo wala na serikali kuu. Watu wa Ferguson waliandamana kwa wiki nyingi, na dunia nzima ikalijua jina la mji.

Wizara ya Sheria ya Marekani ilichunguza pia polisi na mahakama ya mji huo, ikatoa ripoti Machi 2015. Mkalimani yeyote wa mahakama angefaa aisome. Wakazi weusi walikuwa asilimia 67 ya mji. Katika mashitaka ya "namna ya kutembea" kati ya 2011 na 2013, walikuwa asilimia 95. Yaani wazungu wa Ferguson karibu wote walikuwa wanajua kutembea! Ripoti ilitaja kesi ambapo kosa hilo moja lilitozwa dola 302. Na sababu haikufichika: bajeti ya mji ya mwaka wa fedha 2015 ilitarajia dola milioni 3.09 kutokana na faini na ada, katika mapato ya jumla ya milioni 13.26. Mji uliweka faini kwenye makadirio yake kama mkulima anavyohesabu magunia kabla ya mvua.

Kuna mwanamke katika ripoti hiyo ambaye simsahau. Aliandikiwa kwa kuegesha gari vibaya mwaka 2007, dola 151 na ada zake. Akashindwa kulipa, akakosa tarehe za mahakama, akakamatwa mara mbili, akalala jela siku sita. Hadi Desemba 2014 alikuwa amelipa dola 550, na bado alikuwa anadaiwa 541.

Kwa hiyo mteja akiniambia "ni kikaratasi tu, nitakitupa", mimi kama mkalimani siruhusiwi kutoa ushauri wa sheria, lakini hapa si mahakamani: usikitupe. Kosa la kutembea lenyewe ni dogo. Kutofika tarehe iliyoandikwa ndiko kunakozaa hati ya kukamatwa, na hati hiyo hukusubiri hadi siku unaposimamishwa kwa taa ya gari iliyoungua. Kosa likiwa la faini tupu mahakama hailazimiki kukupa wakili, lakini vyama vya msaada wa sheria vipo miji mingi. Mkalimani umwombe siku ile ile unapopata karatasi, usisubiri asubuhi ya kesi ukamsukuma mtoto wa darasa la sita awe mdomo wako. Na fomu ya kuomba uraia itakuuliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa na polisi. Faini ndogo kwa kawaida haimnyimi mtu uraia. Jibu la uongo linaweza.

Upepo nao umeanza kugeuka. Virginia tangu 2021 askari hawezi kukusimamisha kwa sababu umevuka ovyo tu. California tangu 2023 askari hawezi kukuandikia isipokuwa mtu mwenye akili timamu angeona gari litakugonga sasa hivi. Jiji la New York, ambako kuvuka taa ikiwa nyekundu ni kama kitambulisho cha mkazi, liliondoa kosa hilo kwa kanuni iliyokuwa sheria Oktoba 2024 na kuanza kazi mwaka uliofuata. Hoja kubwa ilikuwa ile ile ya Ferguson: mwaka 2023 zaidi ya asilimia 90 ya walioandikiwa walikuwa weusi na Walatino. Na Kansas City, ile ya 1912, ilifuta kanuni yake mwaka 2021.

Lakini kufutwa kwa kosa hakukupi barabara. New York unaweza kuvuka popote, ila nje ya kivuko ni wewe unayempisha dereva, na ukigongwa, wakili wa bima atauliza ulikuwa umesimama wapi kabla hajauliza kama mfupa umeunga. Miji mingi mingine bado inaandika.

Msije mkadhani ni mambo ya ughaibuni tu. Kanuni za Kenya za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 500 mwenda kwa miguu anayezuia magari makusudi. "Makusudi", angalau, ni neno zuri. Linamlazimu anayeshitaki aonyeshe nia, na mtu aliyekosa pa kukanyaga hana nia, ana shida.

Kesi ya mzee haikufika hata kwa hakimu. Binti yake alikuwa amepiga picha siku ile ile: rundo la theluji, juu yake kiti kibovu ambacho mtu alikitupa, na nyuma yake lango la nyumba ambayo haikusafishwa. Wakili alimwonyesha mwendesha mashitaka picha hiyo koridoni, wakazungumza kama dakika tatu, nami nikamnong'oneza mzee kila neno. Shitaka likafutwa. Alikuwa amepoteza zamu moja ya kazi na nauli. Aliuliza kama mwenye ile nyumba naye ameandikiwa. Nilifasiri swali. Mwendesha mashitaka akatabasamu, akachukua faili linalofuata.

Tulitoka pamoja. Kituo chake cha basi kilikuwa ng'ambo, hatua thelathini, na barabara haikuwa na gari hata moja. Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akageuka na kutembea hadi kwenye taa, mwendo mrefu juu ya trotuari iliyomwagwa chumvi. Nikamwonyesha kitufe kwenye nguzo, kwamba unakibonyeza, unasubiri alama ya mkono wa rangi ya chungwa iondoke na ile ya mtu mweupe itokee.

"Kwa hiyo ni kupiga hodi," alisema.

Akabonyeza. Hakuna aliyeitikia. Akabonyeza tena.