INTERSECT si INNER JOIN

Wiki hii nimeletewa tena msimbo wa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ambamo INTERSECT (inayotoa safu zilizomo katika majedwali yote mawili) imefutwa na mahali pake pamewekwa INNER JOIN (inayounganisha safu za majedwali mawili zinazolingana kwa sharti fulani), kwa maelezo yale yale kwamba ni kitu kimoja. Si kitu kimoja, na kwa kuwa nimekwisha kulieleza jambo hili kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naliandika.

Nakiri kwamba imani hii ina mzizi. Katika aljebra ya mahusiano, yaani nadharia ya kihisabati ya majedwali, iliyotokana na makala ya Edgar Codd wa IBM ya mwaka 1970, kila uhusiano, yaani jedwali la kinadharia ambalo safu wima zake huitwa sifa, ni seti, isiyo na safu inayojirudia. Mahusiano mawili yenye sifa zile zile yakiunganishwa kwa kulinganisha sifa zote, jibu ni makutano yake hasa. Makutano yenyewe hata si operesheni ya msingi, kwani A ∩ B ni sawa na A − (A − B). Kosa huanza hoja hiyo inapohamishiwa kwenye SQL, ambamo jedwali huruhusu safu zinazojirudia, na huruhusu NULL, yaani alama ya thamani isiyokuwepo au isiyojulikana.

Chukua jedwali A lenye namba ya mteja na mtaa: (4, Ilala), (7, Kariakoo) na (9, NULL). Jedwali B lina (4, Temeke), (7, Kariakoo) iliyoingizwa mara mbili, na (9, NULL). INTERSECT italeta safu mbili, (7, Kariakoo) na (9, NULL). INNER JOIN inayolinganisha namba na mtaa italeta safu mbili vilevile, lakini zote ni za mteja wa 7; mteja wa 9 ametoweka, kwa sababu NULL ikilinganishwa na NULL kwa alama ya = jibu si kweli wala si uongo, bali halijulikani. Hapa ndipo subira inaponiishia: mtu huhesabu safu, akaona mbili kwa mbili, akaridhika. Akiongeza DISTINCT, inayoondoa safu zinazojirudia, anabaki na safu moja. Akilinganisha namba peke yake, mteja wa 9 anarudi, lakini mteja wa 4 naye anaingia ilhali mitaa yake haifanani.

Kwa nini SQL izihesabu NULL mbili kuwa sawa ndani ya INTERSECT, kisha ikatae kuzihesabu hivyo ndani ya WHERE, sharti la kuchuja safu? Sijapata utetezi unaoniridhisha.

Kumbuka pia kwamba INTERSECT hulinganisha safu wima kwa mpangilio wake, si kwa majina. Waliozoea MySQL, mmojawapo wa mifumo ya hifadhidata inayotumia SQL, nawaelewa, kwani hadi toleo la 8.0.31 la mwaka 2022 hawakuwa nayo. Asiye nayo atumie SELECT DISTINCT pamoja na EXISTS, inayouliza kama kuna safu inayolingana katika jedwali la pili, na kila safu wima ailinganishe kwa IS NOT DISTINCT FROM, inayozihesabu NULL mbili kuwa sawa, au kwa alama ya <=> katika MySQL; hapo mteja wa 9 atabaki.